Utafiti Tumizi katika Programu za Kinga ya VVU Zanzibar: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Tangu wagonjwa wa mwanzo wa UKIMWI walipotambuliwa Zanzibar mwaka 1986, kiwango cha maambukizi miongoni mwa watu wazima kwa jumla kimebaki kidogo, cha karibu asilimia 1 au chini yake, na neema hiyo ina mtego wake. Takwimu ya jumla hutuliza nyoyo wakati maradhi yanajikusanya mahali ambapo takwimu hiyo haifiki. Utafiti uliofanywa Unguja mwaka 2007 ulikuta VVU kwa asilimia 16 ya watu wanaojidunga dawa za kulevya, asilimia 12.3 ya wanaume wanaojamiiana na wanaume na asilimia 10.8 ya wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Uliporudiwa kati ya mwaka 2011 na 2012, kiwango kwa wanaojidunga kilikuwa asilimia 11.3, ilhali kwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono kilikuwa asilimia 19.3. Hata ukizingatia kwamba tafiti mbili za namna hii haziwezi kulinganishwa kama mizani mbili za duka moja, bado ni wazi kuwa programu iliyoendelea kupangwa kwa takwimu za mwaka 2007 ingekuwa inalenga hali iliyokwisha kubadilika.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wasimamizi wa programu, wakuu wa vituo vya afya na viongozi wa asasi za kiraia za Unguja na Pemba. Utafiti tumizi unaokusudiwa hapa ni ule unaofanyika ndani ya huduma yenyewe, kwa kuwashirikisha wanaoitoa na wanaoipokea, ili kuamua nini kibadilishwe na kujua kama mabadiliko yamesaidia. Haushughuliki na kugundua dawa mpya. Mwaka 2011 jaribio kubwa la kimataifa lilionesha kuwa kuanza ARV mapema kunapunguza kwa asilimia 96 maambukizi ya VVU kutoka kwa mtu kwenda kwa mwenza wake. Dawa kinga za kumeza kabla ya hatari zipo, dawa za dharura zinazotakiwa kuanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28 zipo, kondomu zipo, na methadoni, dawa mbadala kwa waliozoea heroini, imekuwa ikitolewa Kidongo Chekundu, Unguja, tangu mwaka 2015. Kinachotakiwa kutafutwa ni kwa nini vitu hivi haviwafikii baadhi ya watu, na kwa nini wengine wakishavipata huviacha njiani.

Hatua ya kwanza: Chora mnyororo wa huduma na utafute pingili inayokatika

Kabla ya kuandika swali lolote la utafiti, chukua karatasi na uorodheshe kila jambo ambalo mtu mmoja anapaswa kulipitia ili akingwe. Kwa kijana anayejidunga, mnyororo unaweza kuwa hivi: amefikiwa na muelimishaji rika maskani, amekubali kupima, amepokea majibu, amepewa rufaa, amefika kliniki, ameanza dawa kinga au methadoni (au ARV, iwapo ameshaambukizwa), na baada ya miezi mitatu bado anaendelea. Kila pingili iandikiwe idadi kutoka katika rejista za miezi sita iliyopita.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni tu, kwamba watu 200 walifikiwa, 150 wakapima, 140 wakapewa rufaa, 56 wakafika kliniki na 45 wakaanza huduma. Mtu anayeangalia ripoti ya mwezi atasifu upimaji na kupendekeza waelimishaji rika waongezwe, lakini mnyororo unasema vyengine: katika kila watu 10 waliopewa rufaa, 6 hawakufika. Kuongeza waelimishaji kutaongeza idadi ya wanaopotea kati ya maskani na mlango wa kliniki.

Jihadhari na idadi za upimaji. Wapo wachumba wanaopima kabla ya kufunga ndoa, wapo wajawazito wanaopimwa katika mahudhurio ya kliniki, na wote hao wanastahili huduma hiyo, lakini wakichanganywa katika jumla moja na watu wa maskani, kituo kitaonekana kimevuka lengo lake huku watu walio katika hatari kubwa zaidi wakiwa hawajaguswa. Tenganisha safu hizo tangu mwanzo, hata kama fomu ya taarifa haikulazimishi.

Hatua ya pili: Andika swali ambalo jibu lake litabadilisha kitu

Swali zuri la utafiti tumizi hutaja kundi la watu, pingili ya mnyororo, mabadiliko yanayofikiriwa na muda. “Nini mtazamo wa jamii kuhusu VVU?” halina mlango wa kutokea, litazaa ripoti nene na hakuna atakayejua afanye nini Jumatatu asubuhi. Linganisha na hili: “Je, muelimishaji rika akimsindikiza mteja hadi kliniki siku ile ile, badala ya kumpa karatasi ya rufaa, idadi ya wanaofika ndani ya siku saba itaongezeka katika kipindi cha miezi minne?”

Lipime kila swali kwa kuuliza jibu likiwa ndiyo nani atafanya nini, na likiwa hapana nani ataacha kufanya nini. Ikiwa majibu yote mawili yanaishia katika kazi ile ile inayoendelea sasa, swali hilo lisitumie fedha za umma.

Ni vyema pia kuuliza kama suluhisho lililofaulu pengine lina nafasi ya kufanya kazi hapa. Majaribio ya Afrika Kusini, Kenya na Uganda yaliyotolewa kati ya mwaka 2005 na 2007 yalionesha kuwa tohara hupunguza kwa kiasi cha asilimia 60 hatari ya mwanamme kuambukizwa VVU kutoka kwa mwanamke. Ushahidi huo ni madhubuti, lakini katika visiwa ambavyo karibu kila mtoto wa kiume hutiwa jandoni, kampeni ya tohara isingebadilisha chochote. Nguvu ya dawa na ukubwa wa pengo ni mambo mawili, na programu hunufaika pale yanapokutana.

Hatua ya tatu: Chagua kipimo kinachoweza kuonekana

Hapa ndipo tafiti nyingi za Zanzibar huweza kuharibika mapema, kwa sababu wafadhili hupenda kuona “maambukizi mapya yamepungua”. Tufanye hesabu. Tuchukulie kwamba mtu 1 katika kila 1,000 anaambukizwa kwa mwaka, na kwamba mpango wako ni mzuri kiasi cha kupunguza idadi hiyo kwa nusu. Ili utofautishe athari ya mpango huo na bahati, kwa viwango vya kawaida vya kitakwimu, ungehitaji kuwafuatilia kwa mwaka mzima watu wapatao 47,000 waliopata mpango na wengine 47,000 wasioupata. Pemba nzima, kwa Sensa ya mwaka 2022, ilikuwa na watu 543,441, wakiwemo watoto na wazee. Hakuna kituo wala asasi yenye uwezo wa kazi hiyo, na hakuna haja nayo.

Badala yake pima pingili: asilimia ya waliofika baada ya rufaa, siku zilizopita kati ya kupima na kuanza dawa, asilimia ya wanaoendelea na dawa kinga mwezi wa tatu, asilimia ya wanaotumia ARV ambao virusi vyao vimefubazwa, yaani vimebaki vichache mno mwilini. Hivi ni vipimo vya karibu ambavyo uhusiano wake na kinga umeshathibitishwa na tafiti kubwa za wengine, na ambavyo hubadilika kwa kiasi kinachoonekana ndani ya miezi michache.

Chagua kipimo kikuu kimoja. Ongeza kimoja cha tahadhari, yaani kile kitakachokuonya iwapo mabadiliko yako yanaleta madhara upande mwengine, kwa mfano muda ambao wateja wa kawaida wanasubiri, au idadi ya waelimishaji rika wanaoacha kazi kwa kuchoka.

Hatua ya nne: Wahusishe watu wenye ufunguo wa mlango

Orodha ya wadau huandikwa kwa urahisi kuliko inavyotekelezwa. Tume ya UKIMWI Zanzibar huratibu mwitikio mzima, Wizara ya Afya ina kitengo shirikishi kinachosimamia VVU pamoja na homa ya ini, kifua kikuu na ukoma, na ZAPHA+ ni jumuiya ya watu wanaoishi na VVU wenyewe. Hao wajulishwe wakati swali bado linaandikwa. Kuwaletea kazi iliyokwisha ili waibariki ni kuwadharau, na wanalijua hilo.

Katika shehia, eneo dogo kabisa la utawala, hakuna linalokwenda bila ya sheha anayeiongoza. Nenda kwake ana kwa ana, pamoja na barua, na umueleze kazi kwa maneno ambayo hayamuwekei mtu yeyote alama. “Bwana Sheha, tunaangalia namna vijana wanavyofika kituoni na nini kinawazuia, hatuandiki majina, na hatutakuja kukuuliza nani anafanya nini.” Sentensi ya mwisho ina uzito kuliko zote, kwa sababu sheha ni kiungo cha serikali, na matumizi ya dawa za kulevya, biashara ya ngono na mahusiano ya wanaume kwa wanaume ni mambo yanayoweza kumfikisha mtu mahakamani. Akianza mwenyewe kutaja majina, mzuie kwa adabu.

Waelimishaji rika wawe sehemu ya timu ya utafiti yenye malipo na sauti. Wao ndio wanaojua kuwa maskani fulani yamehama baada ya msako wa wiki iliyopita, kuwa saa nne asubuhi hakuna anayeweza kuzungumza kwa utulivu kabla hajapata dozi yake, na kuwa kliniki yenye mlango unaoelekea barabarani itakwepwa hata kama dawa ni bure.

Hatua ya tano: Vibali na maadili

Peleka pendekezo kwa kamati ya maadili ya utafiti wa afya iliyo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar (ZAHRI), na uulizie vibali vyengine vya Serikali vinavyohitajika kabla ya kuingia katika maeneo. Ikiwa unadhani kazi yako ni uboreshaji wa huduma tu na haihitaji idhini kamili, waandikie kamati waamue wao, na ulihifadhi jibu lao.

Kuhusu siri, kanuni ni nyepesi kuieleza: taarifa usiyoikusanya haiwezi kuvuja. Tumia namba ya utambulisho inayotengenezwa kwa mambo anayoyakumbuka mteja mwenyewe, kama herufi mbili za jina la mama na tarehe ya kuzaliwa bila ya mwaka. Usichukue alama ya ramani ya maskani. Jina la wilaya linatosha. Katika kisiwa ambacho watu wanajuana kwa ukoo na kwa mtaa, hata “mwanamke wa miaka 34, muuza maandazi, shehia fulani” ni jina kamili.

Ridhaa isomwe kwa lugha ya mazungumzo. Mfano: “Assalaam alaykum, kaka. Mimi ni miongoni mwa timu inayotaka kujua kwa nini watu wakipewa rufaa hawafiki kliniki. Sitaki jina lako. Ukikataa, huduma yako haibadiliki, na ukichoka katikati sema tu tuache. Kuna jambo ungependa kuniuliza kabla hatujaanza?” Kisha nyamaza, umuachie nafasi.

Hatua ya sita: Kusanya taarifa, ukianza na zilizopo

Rejista za upimaji, kadi na kumbukumbu za CTC (kliniki za huduma na matibabu ya VVU), vitabu vya rufaa na taarifa za wahudumu wa afya wa jamii zimejaa majibu ambayo hayajaulizwa. Mara nyingi wiki mbili za kuzisoma kwa makini hufupisha utafiti wa miezi sita. Angalia pia kilichoachwa wazi: safu ya “alifika/hakufika” isiyojazwa katika kurasa nzima ni dalili kuwa hakuna anayefuatilia rufaa.

Baada ya hapo ndipo mazungumzo yafuate. Mahojiano ya kina 12 hadi 15 na watu wanaofanana kwa hali kwa kawaida hutosha kuona sababu zinazojirudia, mradi umejumuisha pia waliofika kliniki, kwa kuwa wao ndio wanaoweza kusema kilichowasaidia. Uliza kuhusu tukio, usiulize kuhusu maoni. “Siku uliyopewa karatasi ya rufaa, ulifanya nini baada ya hapo?” itakuletea nauli, foleni, binamu anayefanya kazi mapokezi, na mlinzi aliyeuliza kwa sauti “unakwenda wapi?” Ukiuliza “Changamoto zako ni zipi?” utaletewa maneno ya warsha.

Kwa makundi yaliyojificha ambayo hayana orodha, njia ya kuponi hufaa: watu wachache wa mwanzo hupewa kuponi chache za kuwaalika wenzao, nao wakifika hupewa zao, na kila mwaliko huandikwa nani alimleta nani kwa namba tu, ili baadaye mchambuzi asahihishe upendeleo unaotokana na wenye marafiki wengi. Ina gharama na inahitaji mtaalamu wa takwimu, kwa hiyo iachiwe tafiti za kitaifa isipokuwa kama una sababu nzito.

Kwa msimamizi wa wilaya kuna njia nyepesi isiyotumika inavyostahili. Chagua kwa bahati nasibu watu 19 katika kila eneo la usimamizi na uwaulize jambo moja, kwa mfano kama wanajua wapi watapata dawa za dharura ndani ya saa 72. Ikiwa lengo ni asilimia 80, eneo ambalo wanaojua ni chini ya 13 lina kasoro na linahitaji kushughulikiwa. Hupati asilimia sahihi ya eneo hilo, lakini unajua gari liende wapi wiki ijayo. Ukihitaji makadirio yenye ukingo wa makosa wa asilimia 10 juu au chini, andaa watu wapatao 96. Ukitaka asilimia 5, wapatao 384.

Hatua ya saba: Jaribu kwa mizunguko midogo, na uheshimu kalenda ya visiwa

Mabadiliko yaanze kwa kituo kimoja, waelimishaji wawili, wiki mbili. Panga, tenda, angalia, rekebisha, kisha urudie kwa upana zaidi. Ikiwa mabadiliko lazima yafike wilaya zote, usiyaanzishe siku moja kila mahali: piga kura ya vituo vitakavyoanza mwezi wa kwanza, wa tatu na wa tano, ili wanaosubiri wawe kipimo cha kulinganishia wenzao. Kila mtu atapata huduma, na wewe utapata jibu.

Kinachovuruga zaidi ulinganisho hapa kwetu ni wakati. Mwezi wa Ramadhani saa za kazi, kula na kulala hubadilika, na kliniki inayotoa methadoni au dawa asubuhi itaona mahudhurio yakiyumba bila ya kosa la mtu. Aliyezoea kulinganisha Machi ya mwaka huu na Machi ya mwaka jana akumbuke kuwa Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka wa miladi, hivyo baada ya miaka mitatu analinganisha mwezi wa mfungo na mwezi wa kawaida. Kwa Pemba huongezeka msimu wa karafuu, ambapo watu huhamia mashamba na fedha hubadilisha mikono. Andika matukio haya katika daftari la mradi kwa tarehe, tangu siku ya kwanza.

Wavuvi ni mfano mzuri wa jinsi kalenda inavyoweza kuwa suluhisho lenyewe. Wanaokwenda dago, yaani kambi za uvuvi, huishi wiki kadhaa mbali na nyumbani na mbali na kituo chao. Wavuvi wa dagaa, wanaotumia taa, hufanya kazi usiku wa giza na kupumzika mwezi unapokuwa mpevu. Kliniki humpa mvuvi dawa za siku 30 na kumwandikia tarehe ya kurudi, lakini mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu, na tarehe ya kwanza kuandikwa huenda iliangukia katikati ya giza, wakati yuko baharini. Hivyo atakosa, na mwezi unaofuata atakosa tena, kisha ataandikwa “mtoro”. Jaribio la kufaa lingekuwa kupanga tarehe za kurudi katika siku za mbalamwezi, kumpa akiba ya vidonge vya wiki moja, na kuhesabu kwa miezi minne wangapi wamerudi kwa wakati, ukilinganisha na diko (bandari ndogo ya wavuvi) jengine ambalo bado linatumia utaratibu wa kawaida. Gharama yake ni kalenda ya ukutani na akiba ndogo ya dawa.

Hatua ya nane: Soma matokeo, amua, na uyarudishe yalikotoka

Huhitaji programu ya kompyuta ya gharama. Chora mstari wa kipimo chako kikuu wiki kwa wiki, weka mstari wa wastani wa kati (namba inayoangukia katikati zikipangwa kutoka ndogo hadi kubwa) wa kipindi kabla ya mabadiliko, na utazame. Nukta 6 au zaidi mfululizo upande mmoja wa mstari huo ni ishara kuwa kuna kilichobadilika kweli. Nukta moja iliyoruka juu haina maana, hata kama imepatikana wiki aliyokuja mgeni wa heshima. Tenganisha wanawake na wanaume, Unguja na Pemba, vijana na wakubwa, lakini usifike mahali ambapo safu ina watu watatu, kwani hapo unapoteza takwimu na siri kwa pamoja.

Matokeo yapelekwe kwanza kwa waliotoa taarifa: waelimishaji rika, wahudumu wa kituo na wateja waliokubali kurudi. Wao hufasiri nambari kwa namna ambayo mchambuzi hawezi. Wakisema kuwa mahudhurio yalipanda kwa sababu muuguzi fulani mwenye lugha laini alihamishiwa pale mwezi ule ule, basi sindikizo la muelimishaji rika huenda halikufanya kazi uliyodhani, na mzunguko mwengine unahitajika kabla ya kutangaza ushindi.

Kwa mkutano wa wilaya au wizara, andaa kurasa mbili: tatizo, kilichojaribiwa, kilichoonekana, gharama kwa kila mteja wa ziada aliyefika, na uamuzi unaoombwa. Uamuzi uwe wa kuendeleza, kurekebisha au kuacha, wenye jina la cheo kinachohusika na tarehe. Kuacha kuandikwe bila ya aibu, pamoja na sababu, ili wilaya nyengine isirudie.

Kilichokubaliwa kiingizwe katika mambo ambayo hayategemei mradi: safu mpya katika kitabu cha rufaa, kifungu katika utaratibu wa kazi wa kituo, nauli ya muelimishaji rika katika bajeti ya mwaka ujao, na nukta moja katika orodha ya ukaguzi ya msimamizi wa wilaya. Baada ya miezi sita, mtu ambaye hakuwa katika timu ya utafiti akifungue kitabu hicho cha rufaa na ahesabu safu ya “alifika” imejazwa mara ngapi.